Jicho Linalofuata

Hotuba kwa ndugu wa wagonjwa na vijana wa bodaboda, Mikindani, Mtwara

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, na nyie vijana mlioacha vijiwe vyenu mchana huu wa jua kali mkaja kunisikiliza, asanteni sana.

Nimekuwa muuguzi katika wodi za huku Kusini kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Katika miaka hiyo kuna kelele moja ya korido niliyoisikia si mara moja wala mbili, na hadi leo nikiikumbuka moyo unashtuka: "Nesi! Nesi njoo, amefungua macho! Ameamka!"

Niwapeleke kwenye siku moja ya namna hiyo. Kijana wa bodaboda alianguka usiku akitoka Nanyamba, kichwa wazi, helmeti ameitundika kwenye usukani. Siku 19 alilala macho yamefumba. Alfajiri ya siku ya 20 yakafunguka. Mama yake alipiga kigelegele hadi wodi ya pili wakatoka nje. Simu zikapigwa Newala, na ilipofika saa tisa alasiri Noah mbili zilikuwa zimeshusha watu getini, akiwamo mjomba wake mkubwa, ambaye kwa desturi zetu ndiye mwenye neno. Wakaingia mmoja mmoja. Kijana alikuwa anatazama dari. Mjomba akamwita kwa jina. Anatazama dari. Mama akampungia kiganja mbele ya uso. Anatazama dari. Akapiga mwayo, akafumba macho, akalala.

Siku ya tatu nilimsikia shangazi yake akinong'ona nje ya mlango: "Huyu siye. Mwenyewe wameshamchukua, hapa wametuachia mgomba." Mnajua alichokuwa anasema. Alikuwa anasema msukule.

Sikumcheka siku ile na leo simcheki. Mtoto uliyemlea yuko mbele yako, macho wazi, anapumua, anapiga mwayo, na hakuoni. Akili itafute neno gani? Sisi wenye sare nyeupe tulikuwa hatujampa neno lingine. Tulimwambia "yuko koma", tukaishia hapo. Na siku hiyo hata hilo halikuwa kweli tena, kwa sababu mtu aliye kwenye koma hafungui macho. Shangazi alikuwa ameona jambo la kweli kabisa ambalo hakuna aliyemwambia jina lake.

Basi leo nimekuja na majina hayo, na kioo kimoja. Kioo nitakitoa baadaye.

Nianze na karabai, maana hapa Mikindani hakuna asiyeijua. Wavuvi wa dagaa wanapotoka usiku, karabai inawaka kwa sababu ya pampu. Pampu ikifa, mwanga unafifia, unazima. Lakini mwanga kuwaka hakukuambii kama ndani ya chombo kuna nahodha. Unaweza kuona taa inaelea kule mbali, ukifika ukakuta mtumbwi uko mtupu. Unaweza pia kumkuta nahodha yupo, amelala chini, amechoka, hawezi kuinua mkono.

Ubongo nao una mambo mawili ya namna hiyo. Kuna kuwa macho, na kuna kujitambua. Kuwa macho kunaendeshwa na pampu iliyo chini kabisa, kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Mwaka 1949 wanasayansi wawili, Moruzzi wa Italia na Magoun wa Marekani, walionyesha kwa majaribio ya paka kwamba ukilisisimua eneo hilo, ubongo mzima unabadilika kutoka hali ya usingizi kwenda hali ya kuwa macho. Kujitambua, yaani kujua mimi ni fulani, huyu ni mama, huu ni mkono wangu, kunahitaji sehemu za juu za ubongo zikiwa zimeunganika na kusemezana. Ajali inaweza kuharibu pampu, inaweza kuharibu juu, inaweza kukata nyaya za katikati. Ndiyo maana wagonjwa wawili walioanguka barabara moja siku moja wanaweza kuwa katika hali mbili tofauti kabisa.

Koma ni pale vyote viwili vimezima. Macho yamefumba, ukimwita hafungui, ukimfinya hafungui, hana mchana wala usiku. Huku kwetu nimeipokea kutoka kwa pikipiki, kwa watu walioanguka kwenye mnazi na mkorosho, kwa waliozama, kwa kiharusi, kwa sukari iliyoshuka mno, na kwa watoto wa malaria kali. Koma mara nyingi haivuki wiki nne. Mgonjwa akiwa hajafariki, ndani ya muda huo macho yatafunguka. Na kufunguka huko ni pampu imerudi. Kama nahodha yupo, bado hujajua.

Mtasikia wodini wanasema "ana nane", "leo ana kumi". Vipimo hivyo vilitungwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa Glasgow, Teasdale na Jennett. Macho yana alama hadi 4, maneno hadi 5, mwendo wa viungo hadi 6, jumla 15. Nane kushuka chini tunasema yuko kwenye koma. Kuna baba mmoja aliwahi kuniambia kwa furaha, "Afadhali nesi, ana tatu, hajafika sifuri." Ilibidi nimkalishe chini nimweleze taratibu kwamba sifuri haimo katika kipimo kile. Tatu ndiyo mwisho wa chini, hata aliyekwisha kufa ukimpima atapata tatu. Kwa hiyo ukitajiwa namba, uliza maana yake. Ni haki yako.

Kwa watoto wadogo ambao hawajajua kusema kuna kipimo kingine, na hiki nakipenda kwa sababu kilitoka kwa jirani zetu wa Malawi, Blantyre, miaka ya 1980, kwa ajili ya malaria ile ile inayotuulia watoto huku. Kinaanzia 0 hadi 5. Katika mambo matatu kinayoyaangalia, moja ni hili: je, jicho la mtoto linaufuata uso wa mama yake? Hakihitaji mashine yoyote, kinamhitaji mama apite mbele ya kitanda taratibu. Mtoto akimfuata kwa macho, amepata alama yake.

Mlishike hilo la jicho linalofuata, nitalirudia.

Sasa yule kijana wetu aliyekuwa anatazama dari. Hali yake ilipewa jina mwaka 1972 na Jennett huyo huyo akiwa na Plum wa Marekani, na jina lile la Kizungu, "vegetative state", lilichotwa kwenye neno la mimea. Hawakukusudia tusi, walikuwa wanasema mwili unaendelea kuishi na kukua. Lakini watu wakaanza kuwaita wagonjwa mboga. Mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya wakaona aibu hiyo itoshe, wakapendekeza iitwe kwa kinachoonekana: yuko macho, haitikii. Mimi natumia hilo. Wala simwiti mtu mgomba.

Mtu aliye katika hali hiyo anafanya mengi yanayowachanganya ndugu. Analala na kuamka. Anatafuna meno. Anatoa machozi. Anatabasamu bila sababu, anaguna, anashtuka mlango ukigongwa. Na hili ndilo linaloumiza kuliko yote: ukiweka kidole kwenye kiganja chake, anakishika. Mama anaanza kulia, "Amenishika, amenijua." Ndugu zangu, mtoto mchanga wa siku moja naye anashika kidole. Kiganja kinajifunga chenyewe. Ukitaka kujua, mwambie aachie. Mwambie, "Mwanangu, niachie," kisha nyamaza, hesabu hadi kumi bila kuvuta kidole. Akiachia, jaribu tena, na tena. Akiachia pale tu anapoambiwa, na akawa haachii usipomwambia, kimbia umwite muuguzi.

Katikati ya kutoitikia na kuamka kuna hali ya tatu, na hii ndiyo iliyonileta hapa. Ilipewa jina mwaka 2002 na Giacino na wenzake: ufahamu hafifu. Nahodha yupo, ila anainuka na kuzama. Saa tatu asubuhi anafuata kwa macho, saa sita hayupo. Leo anashika kikombe kama kikombe, kesho hakijui. Kwa kuwa anakuja na kuondoka, daktari anayepita kwa dakika tano kwenye wodi ya vitanda arobaini anaweza kumkosa kila siku kwa mwezi mzima. Si uzembe wa Tanzania huo. Ubelgiji waliwachukua wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikuwa wamekubaliana kwamba hawana ufahamu wowote, wakawapima upya kwa utaratibu makini. Matokeo yalitoka mwaka 2009: 18 kati yao walikuwa na ufahamu. Kumi na nane kati ya 44! Wataalamu sasa wanataka mgonjwa apimwe angalau mara tano ndani ya wiki mbili kabla ya kusema hayupo.

Na nani yuko pale kitandani mara tano, mara hamsini? Ni wewe mama uliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda.

Sasa kioo. Ni hiki hapa, cha kujipodolea, cha dukani. Katika utaratibu ule makini wa kupima, kioo ni kifaa rasmi kabisa. Imeonekana kwamba wagonjwa wanaweza wasifuate kalamu, wasifuate hata mtu anayetembea, lakini wakafuata uso wao wenyewe kwenye kioo. Unakishika mbele ya uso, kama sentimita 10 hadi 15, hivi. Hakikisha anajiona. Kisha unakisogeza polepole sana kuelekea kulia, unarudi, unaelekea kushoto, juu, chini. Usiseme kitu. Tazama mboni, usitazame kioo.

Wiki ya sita kijana wetu alikuwa bado yuko pale. Bibi yake ndiye aliyebaki naye, wengine walisharudi kwenye mikorosho. Nilimwonyesha bibi jinsi ya kushika kioo, nikampa kazi: asubuhi baada ya kumsafisha, mara moja, kabla ya kumlisha kwa mpira. Siku nne hakuna kitu. Siku ya tano akaja kwenye meza yangu, kioo amekificha kwenye kitenge kana kwamba ameiba, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, njoo uone, mimi macho yangu mabovu." Nikaenda. Akasogeza kioo kulia, mkono unamtetemeka. Mboni zikakaa palepale. Nikasema moyoni, maskini bibi. Kisha zikaondoka. Zikaondoka kwa kukwama kwama, kama ngalawa inayotolewa mchangani, zikafika kwenye ukingo wa kioo zikasimama nacho. Akarudisha kushoto, zikarudi. Tulirudia mara nne, akafuata mara tatu.

Bibi hakupiga kigelegele. Alikaa chini.

Nieleze na upande wa pili, maana nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Kulikuwa na mtoto wa kiume aliyeopolewa baharini. Moyo ulisimama, ukarudi, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa, na ubongo ukikosa hewa dakika nne, tano, seli zake zinaanza kufa. Mama yake naye nilimpa kioo. Alikisogeza kila asubuhi kwa miezi saba, na mboni hazikufuata hata siku moja. Mtoto alifariki kwa nimonia. Aliyeumia kwa kugongwa kichwa ana nafasi kubwa ya kurudi kuliko aliyekosa hewa. Kwa aliyekosa hewa, miezi mitatu ikipita bila dalili matumaini yanapungua sana, na kwa aliyegongwa tunasubiri hadi mwaka. Zamani baada ya muda huo walisema hali ni ya kudumu. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliliondoa neno hilo wakaweka "sugu", kwa sababu wachache huwa wanabadilika hata baadaye.

Mtaletewa kwenye simu habari za Terry Wallis wa Arkansas, aliyepata ajali mwaka 1984 akaja kusema mwaka 2003, baada ya miaka 19. Ni kweli. Lakini aliyewatumia hakuwaambia mengine: Wallis alikuwa na ufahamu hafifu miaka yote ile, na aliporudi kusema alidhani bado ni mwaka 1984, mwili umepooza, mambo mapya hayakai kichwani. Furaha ya mama yake ilikuwa ya kweli, na mzigo wake ulikuwa wa kweli.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge walimlaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kwenye ajali ya gari. Alikuwa macho, haitikii lolote. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo wa mwili ikawaka. Wakamwambia: fikiria unatembea chumba hadi chumba nyumbani kwenu. Ikawaka sehemu nyingine, ile ile inayowaka kwa mtu mzima wa afya. Alikuwa anasikia. Alikuwa anaelewa. Alikuwa anatii, ila mwili haukuwa na njia ya kusema. Mwaka 2024 ikatoka kazi kubwa zaidi, iliyofanywa katika nchi kadhaa: wagonjwa 241 ambao hawakuitikia amri yoyote kitandani. Katika hao, 60 walitii kwa ubongo. Robo yao.

Kwa hiyo ninapokumbuka niliyowahi kuyasema juu ya vitanda, nasikia baridi. Nimewahi kusimama na mwenzangu, mgonjwa yuko katikati yetu tunabadilisha shuka, nikasema, "Huyu wiki haiishi." Nilisema juu ya kifua chake. Nimewaona ndugu wakibishana nani atachukua pikipiki, nani atavuna mikorosho ya mgonjwa msimu huu, mwenyewe macho wazi. Niliwatoa nje. Naomba mtoke nje wenyewe bila kusubiri kutolewa. Mazungumzo ya pesa, ya mirathi, ya lawama, yakafanyikie chini ya mwembe.

Kuna na wale waliopooza mwili mzima ilhali akili iko timamu kabisa, mara nyingi kwa kiharusi cha shina la ubongo. Hao kinachobaki mara nyingi ni kope na macho ya kwenda juu na chini. Usiishie kumwambia "nibane mkono". Mwambie, "Tazama juu." Mwambie, "Pepesa mara mbili." Na kifo cha ubongo ni kitu kingine tena, hapo hata pumzi hana, ni mashine inayompumulia, msichanganye na haya mengine.

Ya kazi sasa, haraka haraka. Vijana wa bodaboda: mkimkuta mtu barabarani hana fahamu, msimpakie mshikaki, mmoja mbele mmoja nyuma, shingo inaning'inia. Shikeni kichwa na shingo viende pamoja na mwili, mlazeni ubavu matapishi yatoke, mtafute gari hata la mizigo alale. Msimpe maji, wala sukari mdomoni, wala msimnusishe kitambaa kilichoungua. Na helmeti ivaliwe kichwani, kamba imefungwa.

Walio wodini na walio na wagonjwa nyumbani: uji wa mdomoni ni mpaka mtaalamu aseme anameza. Nimeona uji wa mtama, wa upendo kabisa, ulioingizwa kwa kijiko usiku kwa siri, ukaishia kwenye mapafu. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asitoke vidonda vya kulalia. Mnyoosheni vidole, viwiko, vifundo vya miguu kila siku, maana akirudi fahamu akakuta mkono umekunjamana, amerudi nusu. Ongea naye mtu mmoja mmoja, kwa jina lake, kwa lugha ya nyumbani. Kama ni Kimakonde, kiwe Kimakonde. Mwambie leo ni siku gani, mvua imenyesha, mbuzi amezaa. Kisha mwache apumzike. Redio ya kutwa inamchosha. Andikeni kwenye daftari: saa ngapi, mmemwambia nini, amefanya nini. Daktari akija mpeni daftari hilo. Na mtu akiwauzia dawa ya kuamsha, ulizeni daktari kwanza. Ipo dawa moja, amantadini, ambayo mwaka 2012 ilijaribiwa kwa wagonjwa 184 wa ajali ikaonekana kuharakisha kupona walipokuwa wanaitumia, lakini haiamshi wafu, na si ya kununua dukani kwa kusikia tu.

Mtaniuliza yule kijana yuko wapi. Yuko Newala. Baada ya miezi minne alisema neno la kwanza, likawa "maji". Anatembea kwa fimbo, mkono wa kushoto hauna nguvu, anasahau, anakasirika haraka kuliko zamani, na pikipiki hawezi tena. Msimu wa korosho anakaa barazani na bibi yake anachambua, nzuri huku, mbovu huku, polepole. Shangazi yake anampelekea chakula.

Nimenunua vioo kumi, viko kwenye hiki kikapu. Wenye mgonjwa nyumbani au wodini njooni mbele, mniambie analala vipi na anaamka saa ngapi, tufanye mazoezi sasa hivi. Mama mwenye kitenge cha njano, anza wewe. Huyu kijana wa bodaboda atakuwa mgonjwa wako. Kaa hapa baba, tazama mbele. Shusha kidogo mama, ajione. Hapo. Sasa kisogeze, polepole.